Shina Ndani, Miiba Nje

Mtu akipita kwetu Mbunya jioni, wakati vumbi jekundu la barabara linaanza kutulia, husikia mambo mawili. Husikia ng'ombe wa Koko Véronique wakirudi kutoka malishoni upande wa mto Shari, na husikia sauti ya mjukuu wake Divine. Ng'ombe wanalia kidogo wakifika. Divine yeye hanyamazi kabisa.

Ninamjua vizuri kwa sababu mimi ni jirani yao. Naitwa Mama Hélène. Jiko langu na jiko lao yametengwa na ua wa matete tu, na kila kinachosemwa kule kinafika huku kabla ya moshi. Msifikiri ninasikiliza kwa makusudi. Nifanye nini, nizibe masikio kwa majani ya sombe?

Miaka ile ilikuwa ya amani ya nusunusu. Vita vimekwisha, ndivyo tulivyoambiwa, lakini bado tulikuwa tunaweka viatu karibu na kitanda. Koko Véronique na mwanawe Vital, baba yake Divine, walikuwa wameshuka kutoka milima ya Djugu, upande wa Bambu, wakafika hapa Bunia na ng'ombe wachache waliookoka. Mama yake Divine alikuwa amefariki mtoto akiwa bado mgongoni, kwa hiyo Koko ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamfundisha kusali na kukamua. Mkimwona Divine na maneno yake yote, jueni kwamba ni mtoto wa bibi.

Ng'ombe wale hawakulazwa mbali, kwani wezi walikuwa wengi. Zizi lilijengwa palepale nyuma ya nyumba, nalo lilikuwa na njia mbili. Upande wa uani kulikuwa na kilango kidogo cha watu. Upande wa barabara kulikuwa na mlango mpana wa kupitisha ng'ombe, na mlango huo haukuwa na mbao wala bati. Kila jioni ulizibwa kwa matawi makavu ya miiba mirefu, na kazi hiyo ilikuwa ya Divine.

Koko alimfundisha kuifanya kama ilivyofanywa kwao milimani. Unaingia zizini pamoja na ng'ombe. Unashika tawi kwa shina, unalivuta kuelekea kwako mpaka lizibe mlango. Ukifanya hivyo, ncha zote zinatazama barabarani, na shina laini linabaki ndani. Mwizi akija anachomwa. Mtu wa nyumbani hachomwi. Alfajiri Koko, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, aliingia kwa kile kilango, akakamua, kisha akanyoosha mkono gizani bila kutazama, akashika shina na kusukuma matawi kando ili ng'ombe watoke. Alifanya hivyo kila siku, na mkono wake ulijua njia.

Sasa niwaambie kuhusu ulimi wa Divine. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuna kitu alichokiacha bila jina. Pikipiki ya baba yake, ambayo iliwaka ilipotaka yenyewe, aliibatiza Muzee Kikohozi. Mimi aliniita Radio Mbunya, ati kwa sababu sizimwi. Ningekasirika, lakini nilicheka mpaka nikaunguza maharagwe. Hivyo ndivyo alivyokuwa: alikuchoma, nawe ukacheka, ukaenda kuwasimulia wengine.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Séphora. Huyu alikuwa amekuja kutoka Butembo pamoja na mama yake, Mama Vahwere, mfanyabiashara aliyeuza makayabu sokoni, wale samaki wakavu wa chumvi ambao sisi wote tunawapenda Jumapili. Siku ya kwanza Séphora alipoingia darasani hakumjua mtu. Divine alisogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja, akasema, "Kuya ukae hapa, mimi sing'ati." Tangu siku hiyo walikaa pamoja. Séphora alikuwa mpole na hodari wa hesabu, Divine alikuwa hodari wa mengine yote.

Ikafika siku moja ya mvua kubwa. Madirisha ya darasa yalifungwa, wanafunzi wamebanana, na Mwalimu Anaclet alikuwa ametoka kidogo kwenda kutafuta chaki. Kijana mmoja aitwaye Bruno akanusa hewani, akauliza kwa sauti, "Eh! Ni nini iko nanuka hapa?"

Séphora aliinamisha kichwa. Asubuhi ile alikuwa amemsaidia mama yake kubeba mizigo ya samaki, na koti lake lililolowa mvua lilikuwa linatoa harufu. Divine aliona macho ya darasa zima yakimgeukia yeye, yakingoja neno, na neno likaja lenyewe.

"Tulia, Bruno. Ni Séphora tu. Mama yake alimutia chumvi ili asioze mbele ya mtihani kufika."

Mungu wangu! Darasa liliangua kicheko mpaka madawati yakatikisika. Bruno alianguka sakafuni. Na Séphora naye alicheka, akitazama daftari lake. Divine alimwona akicheka, akaridhika. Watoto, hapo ndipo watu wengi tunapodanganyika, kwa sababu mtu anaweza kucheka kwa meno tu.

Kesho yake jina lilikuwa limeenea. "Makayabu! Makayabu!" waliita bombani, waliita njiani. Séphora akaanza kuja darasani nywele zikitiririka maji na ngozi ikinuka sabuni ya kufulia. Halafu akahamia benchi la karibu na dirisha. Divine alipomuuliza sababu, alijibu, "Hakuna kitu. Hapa kuna upepo." Halafu siku moja hakuja. Wala siku iliyofuata.

Divine hakufikiri sana. Jioni moja ya juma lile alikuwa barabarani na wasichana wenzake, akiwaigizia jinsi Bruno alivyoanguka na jinsi Séphora alivyoinamisha kichwa. Ng'ombe wakapita, wakaingia zizini. Ilimpasa Divine aingie nao. Lakini hadithi ilikuwa imefika pale patamu, na wasichana walikuwa wameshika mbavu. Kwa hiyo alibaki palepale barabarani, akachukua matawi kwa shina na kuyasukuma mlangoni kutoka nje, huku akiendelea kusimulia. Mlango ulizibika vizuri. Ila sasa mashina yalitazama barabara, na ncha zote zilitazama ndani.

"Divine, umefunga?" Koko aliita kutoka jikoni.

"Nimefunga, Koko!"

Alfajiri nilikuwa ninawasha moto nikasikia sauti ambayo sijaisahau. "Aiii! Mama yangu!" Nilidondosha kuni nikapita kwenye ua bila hodi. Koko Véronique alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe, mkono wa kuume ameukumbatia kifuani, na damu inashuka kwenye kitenge. Mwiba ulikuwa umeingia kiganjani, chini ya kidole gumba. Kabla hatujafika na taa, alikuwa ameushika kwa meno na kuuvuta.

"Umetoka," alisema. "Muache kelele. Iko nauma kidogo tu."

Baba Vital alimulika mlango kwa tochi. "Lakini nani aligeuza haya matawi? Ncha zinatazama ndani!"

Divine alikuwa amesimama kwenye kilango, miguu mitupu. Aliniambia baadaye kwamba ukweli ulikuwa ulimini. Alitaka kusema. Kweli, alifungua mdomo ili aseme, lakini kilichotoka ni kingine.

"Labda ni Mapendo, Baba. Labda aliyasukuma kwa pembe."

Mapendo alikuwa ng'ombe mkubwa mweupe, kipenzi cha Koko, na sifa zake hazikuwa nzuri. Alikuwa amekwisha kutafuna kitenge changu kilichoanikwa, cha maua, kipya. Kwa hiyo Baba Vital aliamini mara moja.

"Ile ngombe ya kichwa ngumu! Leo atanijua." Akamfunga Mapendo kwa kamba fupi kwenye mti wa pembeni, mbali na ndama wake.

Koko alimtazama Divine kwa muda. Kisha akafunga mkono wake kwa kipande cha kitambaa, akaenda kuchemsha maji.

Basi siku zikawa mbaya. Mapendo alilia kutoka asubuhi mpaka jioni, na ndama alimjibu kutoka zizini. Divine ndiye aliyepaswa kukamua sasa, na Mapendo hakutaka mkono mwingine isipokuwa wa Koko. Alipiga teke ndoo, alipiga teke hewa, alikanyaga mguu wa Divine. Kidonda cha Koko kwa nje kilifunga upesi, ngozi ikawa safi, na sisi tukafurahi. Lakini kiganja kilianza kuvimba. Koko alikitia katika maji ya moto na chumvi, akasema kitapoa. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, na kila alipodhani hatumwoni alikunja uso.

Shuleni nako benchi la Séphora lilikuwa bado tupu. Mwalimu Anaclet alikuwa mtu mwembamba asiyependa kelele, na siku moja alimwita Divine mezani kwake.

"Weye ni rafiki ya Séphora. Fika kwao, uliza. Mtihani uko karibu. Mutoto akikosa sasa, mwaka wake wote umepotea."

Divine alikwenda sokoni mchana ule. Séphora alikuwa nyuma ya meza ya samaki, amevaa kitenge cha mama yake, akipanga makayabu kama mtu mzima. Alimwona Divine akaendelea kupanga.

"Juu ya nini hauji ku masomo?" Divine aliuliza. "Ni juu ya lile neno? Lakini Séphora! Ilikuwa ni kucheka tu. Unajua mimi, ninacheka na kila mutu."

"Ninajua. Hakuna kitu."

"Basi kesho utakuja?"

"Kesho iko na kazi mingi hapa."

Mama Vahwere alifika na mzigo kichwani. Alikuwa mama mnene, mwenye uso wa furaha, nao ulifurahi zaidi alipomwona Divine. "Karibu, mutoto wangu! Umekuja kuangalia mugonjwa wetu? Kila asubuhi tumbo inamuuma, nikisema masomo tu, tumbo. Mimi peke yangu sitaweza. Mwezi ukiisha nitamurudisha Butembo kwa tantine yake, mudogo wangu, labda hewa ya kule itamufaa."

Butembo! Barabara ile kwa siku zile tulikuwa tukimwombea mtu kabla hajaipita. Divine alitazama rafiki yake, akingoja aseme kwamba hataki kwenda. Séphora alifunga samaki katika karatasi, akamkabidhi mteja, akasema aksanti. Divine aliondoka akitembea polepole, na mtu aliyemzoea angeshangaa, kwani alipita soko lote bila kusema neno.

Alipofika nyumbani alimkuta Koko amelala mchana. Koko Véronique halali mchana. Divine alimgusa paji la uso, akaruka ua kunifuata. "Mama Hélène! Koko iko na moto! Kuya upesi!"

Nilikuta mkono umevimba mpaka kwenye kifundo. Nilikasirika, na nikikasirika sichagui umri. "Véronique, unataka kutufia hapa juu ya mwiba? Simama twende kwa munganga!"

"Munganga ya nini? Nimekimbia vita kwa miguu, nitashindwa na kijiti?"

"Vita haikuingia kiganjani. Simama!"

Baba Vital alijaribu kuwasha Muzee Kikohozi, nayo ikakohoa, ikazima, ikakohoa, ikazima. Tukamwacha akihangaika nayo, tukaenda kwa miguu mpaka kituo cha afya, Koko katikati, mimi upande mmoja na Divine upande wa pili amebeba mkoba.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Hortense, lakini sisi tunamwita Munganga, yaani daktari, kama wengine wote. Alishika mkono wa Koko, akaubonyeza kidogo, na Koko akauma mdomo.

"Imekuwa tangu lini, Mama?"

"Tangu jana tu," alisema Koko.

"Mukono haujui kudanganya, Mama. Hii si ya jana." Munganga Hortense aliinua kiganja kwenye mwanga wa dirisha. "Nani alitoa mwiba?"

"Mimi mwenyewe, kwa meno."

"Ulitoa mwili wake. Ncha ilivunjika, ikabaki ndani. Muone, ngozi imefunga vizuri, inang'aa, mutu akitazama juu anasema amepona. Kumbe ndani kunaoza. Mungekuja siku ile ile, ningeitoa kwa dakika moja, na leo hakungekuwa na homa. Sasa nitafungua. Itauma."

Alimchoma sindano ya ganzi, na nyingine ya kuzuia pepopunda. Alimwambia Divine atoke nje, lakini Divine alikataa. Alishika mkono wa kushoto wa Koko kwa mikono yake miwili akafunga macho, halafu akayafungua, kwa sababu aliona ni vibaya kufunga macho. Aliona usaha ukitoka. Kisha Munganga akaingiza kibano na kuvuta kitu cheusi, akakiweka juu ya pamba. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

"Haka tu?" Koko alisema kwa mshangao. "Haka kadogo ndiko kalitaka kuniua?"

Divine aliitazama ile ncha juu ya pamba, akaanza kulia. Si kulia kwa mtoto anayetaka pipi. Alilia mpaka Munganga akafikiri anaogopa damu. Tulimtoa nje tukakaa kwenye benchi, Koko na mkono wake umefungwa bandeji nyeupe.

"Koko, Mapendo hakugeuza kitu. Ni mimi. Nilifunga nikiwa barabarani, nilikuwa nasimulia. Nilidanganya Baba. Uchungu yote hii ni mimi niliyekutia."

Koko alipapasa kichwa chake kwa mkono mzima. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mutoto, ngombe haina mikono. Na matawi yale yalikuwa yamepangwa vizuri, moja juu ya ingine, vile nilikufundisha. Nilijua mara moja kwamba yalifungwa na mutu amesimama nje."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Mimi ningesema, ungeomba pole ya mudomo, na ncha ingebaki. Nilitaka uitoe weye mwenyewe. Ila ulikawia, mama! Mukono wangu ulikuwa karibu kwisha."

Mimi nilicheka, nikajifuta macho kwa kitenge. Divine hakucheka. Alikuwa anatazama bandeji, na nikaona bado ana jambo lingine. Akalisema lote: mvua, Bruno, chumvi, kicheko, benchi la dirishani, tumbo linalouma kila asubuhi, Butembo. Alisema kama anayetapika.

"Nilimwambia ilikuwa kucheka tu," alimaliza. "Akasema hakuna kitu. Sawa vile weye ulisema iko nauma kidogo tu."

Koko alitazama wagonjwa wakipita. Kisha akasema taratibu:

"Divine, mimi napenda mudomo wako. Umenichekesha siku ambazo sikuwa na sababu ya kucheka. Mungu alikupa miiba, na sisemi uikate. Kule tulikotoka, zizi bila miiba halikulala na ngombe. Lakini niliisha kukufundisha inatazama wapi. Inatazama nje, kwa mwizi, kwa mutu anayekuja kuumiza watu wako. Mutu wa ndani anapewa shina, ashike bila kutazama, bila kuogopa. Sasa niambie: ule mutoto wa makayabu, ni mutu wa nje ao wa ndani?"

"Wa ndani," Divine alinong'ona.

"Basi ulimufungia mulango ukisimama barabarani."

Divine hakungoja turudi nyumbani. Alinitazama, nikamwambia, "Nenda, mimi nitafika na Koko." Akakimbia.

Alifika sokoni wachuuzi wakikunja mahema. Séphora alikuwa anafunika samaki kwa gunia. Divine alisimama mbele ya meza, akihema, na safari hii hakutafuta neno la kuchekesha.

"Séphora, haikuwa kucheka tu. Nilikudanganya. Nilitaka Bruno na wengine wanisifu, nikakuuza weye na kazi ya mama yako. Nilikosa. Nimekuja kuomba musamaha."

Séphora alishika gunia kwa muda. "Nilisema hakuna kitu," alijibu.

"Iko kitu. Sema. Hata kama itaniuma, sema."

Hapo ndipo Séphora aligeuka, na machozi yakaanza kumtoka. "Bruno angesema, ningemujibu. Bruno ni nani kwangu? Lakini weye! Weye ndiye uliniita nikae. Mimi hapa Bunia sikuwa na mutu mwingine. Kila asubuhi nanusa mikono yangu, nanawa, nanusa tena, ngozi inapasuka. Na Mama naye niliona haya kutembea naye njiani. Mama yangu! Nilimuonea haya Mama juu yako!"

Divine alisimama akayapokea yote. Alitaka sana kujitetea, aliniambia, lakini alikumbuka kibano cha Munganga, akanyamaza mpaka Séphora alipomaliza. Halafu wote wawili walilia juu ya gunia la samaki.

Mama Vahwere alikuwa amesimama nyuma yao, na hilo ndilo lilikuwa jambo gumu. Uso wake wa furaha ulikuwa umebadilika. "Kumbe ni tumbo ya makayabu," alisema polepole. "Hii makayabu ndiyo ililipa njia yetu tulipokimbia. Ndiyo imetuvika." Kisha akavuta pumzi ndefu. "Divine, ulitukosea. Lakini umekuja mwenyewe, na watu wazima wengi hawawezi. Kesho atarudi masomo. Na weye ndiye utakuja kumuchukua, mapema, mbele ya mzigo kufika."

Divine alikwenda mapema. Mzigo ulikuwa umekwisha kufika, na Mama Vahwere hakumwonea huruma: wote watatu walibeba samaki pamoja, mpaka meza ikajaa. Kisha wasichana walinawa mikono, wakakimbia, wakaingia darasani wameshikana, harufu ikiwatangulia mlangoni.

Divine aliomba ruhusa kwa Mwalimu Anaclet, akasimama mbele. Alisema kwamba lile jina alilitunga yeye, kwamba lilikuwa baya, na kwamba amemwomba Séphora msamaha na anauomba tena mbele ya wote walioshuhudia. Lakini Bruno ni Bruno. Akanusa, akafungua mdomo.

"Ndiyo, Bruno, ni mimi leo," Divine alimkata kabla hajasema. "Sasa nauliza. Nani hapa ambaye kwao hawali makayabu? Anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Mwalimu Anaclet, aliyekuwa anakuna kichwa, alishusha mkono wake haraka.

"Basi tunanuka wote," Divine alisema. "Mimi na Séphora tumetangulia asubuhi. Ninyi mutafuata saa ya kula."

Kicheko kilichotoka siku ile kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya mvua. Bruno alicheka, mwalimu alicheka akijificha nyuma ya daftari la majina. Divine alimtazama mtu mmoja tu, aone kama ni meno peke yake yanayocheka. Séphora alikuwa ameweka kichwa juu ya dawati, anacheka mpaka anapiga mbao kwa kiganja. Jina lile halikuitwa tena Mbunya, na Butembo haikutajwa tena.

Jioni Divine alimwambia baba yake ukweli kuhusu matawi. Baba Vital alikasirika, kama ilivyofaa, akampa adhabu ya kusafisha zizi peke yake juma zima. Kisha akaenda kumfungua Mapendo. "Pole, mama," alimwambia ng'ombe, kwa sauti ya mtu anayeona haya. Mapendo alipita kumfuata ndama wake, na njiani akatafuna kofia ya Baba Vital iliyokuwa imewekwa juu ya ua. Nilimwacha amalize. Nilikumbuka kitenge changu.

Séphora alikuwa amekuja siku ile kuona ng'ombe, maana kwao Butembo hawakufuga. Divine alimwingiza zizini, akamwonyesha jinsi ya kushika shina na kuvuta. Koko alikaa kwenye kigoda, mkono wake wenye bandeji juu ya goti, akiwatazama.

"Mukiisha, mutu anyooshe mukono aguse," aliwaambia. "Muguse bila kuogopa. Mukiogopa, haijafungwa vizuri." Walipogusa mashina, aliendelea: "Sikieni, wote wawili. Hapa Ituri tumechomana ya kutosha, watu wa kijiji kimoja, watu wa kanisa moja, na ilianza na majina. Mutu anasema jina, wengine wanacheka, na ncha inabaki. Musiende na ncha ndani yenu. Ukichomwa, sema siku ile ile. Ukichoma, rudi siku ile ile. Na maneno yenu makali muyaweke kwa mwizi."

Alfajiri, nilipokuwa ninawasha moto, nilimsikia Koko akiingia zizini. Munganga alikuwa amemkataza kazi, lakini nani anaweza kumkataza Véronique? Nilisimama, nikachungulia katikati ya matete. Alimsemesha Mapendo maneno yake ya asubuhi. Akafika mlangoni, akanyoosha gizani mkono wake wa kushoto, ule mzima, bila kutazama.

Nilisikia matawi yakisogea, na kwato za ng'ombe zikitoka barabarani.